Sifongo ya jiwe ina somo kwa nchi inayouza madini kwa kilo

TAHARIRI – Kwenye mpaka wa Kasumbalesa, swali la kwanza kwa lori linalotoka Kolwezi huwa ni moja: limebeba tani ngapi? Mifuko ya hidroksidi ya kobalti hupimwa, karatasi hupigwa mihuri, kodi huhesabiwa, kisha safari ya kuelekea bandari za Durban na Dar es Salaam huendelea. Kuanzia shimoni hadi forodhani, utajiri wa Kongo husomwa kwenye mzani.

Mbali na hapo, katika maabara za Padova nchini Italia na za Erlangen na Bremen nchini Ujerumani, kuna watafiti wanaozishika metali kama hizo kwa hesabu nyingine kabisa. Wao hujiuliza gramu moja ya metali inaweza kutandazwa juu ya eneo kubwa kiasi gani. Ili kupata jibu, wanatengeneza kitu kinachofanana na sifongo ya kuoshea vyombo, ila ni kigumu kama kigae na kinastahimili moto wa nyuzijoto zaidi ya 1,000. Kitu hicho huitwa povu la kauri. Kinachoshangaza ni kwamba kinaanza kikiwa plastiki, jamaa wa ile silikoni ambayo mafundi huibana kutoka kwenye mrija ili kuziba mianya ya madirisha.

Huenda habari hiyo ikaonekana kuwa mbali na maisha ya Lubumbashi, Likasi au Bukavu. Si kweli. Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani, na kila mara mtu mahali fulani anapojifunza kufanya kwa gramu kazi iliyokuwa ikifanywa kwa kilo, anayeuza kwa kilo hupoteza. Serikali, vyuo vikuu na kampuni za madini zina sababu ya kuanza kujifunza hesabu hiyo ya pili, tena bila kungoja mgogoro mwingine wa bei.

Kazi inayofanyika juu ya uso

Kichocheo ni kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia bila chenyewe kuliwa. Mfano ulio karibu na wakaaji wa Katanga ni asidi ya sulfuriki, ile inayotumika kutoa shaba na kobalti katika mawe ya madini. Ili kuipata, salfa huchomwa, na gesi yake hupitishwa kwenye tabaka za kichocheo cha vanadi kilichobebwa na silika, katika joto la nyuzi 400 hadi 600. Kichocheo hicho kikiondolewa, hatua ya katikati huenda polepole mno, na kiwanda hakiwezi kuishi. Nyuma ya bamba la shaba iliyotolewa kwa asidi kuna kichocheo ambacho watu wachache sana wamewahi kukisikia.

Kazi hiyo yote hufanyika juu ya uso wa kichocheo. Metali iliyofichwa katikati ya donge haiguswi na gesi. Ipo tu, kama mfanyakazi aliyefungiwa ghalani huku wateja wakipanga foleni mlangoni. Ndiyo maana wakemia huisambaza metali katika chembe ndogo sana juu ya kitu kingine chenye vitundu. Kitu hicho hubeba mzigo, metali hufanya kazi.

Umbo la mbebaji huyo huamua mengi. Njia ya zamani ni kujaza bomba kwa punje au pete ndogo. Ni rahisi, lakini gesi hulazimika kujipenyeza kati ya punje, na pampu hula nishati nyingi kuisukuma. Joto nalo halisambai sawasawa: mahali fulani panaungua, pengine pamepoa. Njia ya pili ni sega, kama la nyuki, lenye mifereji iliyonyooka. Ndilo lililomo katika chombo cha kusafishia moshi chini ya magari mengi ya petroli, likiwa limepakwa gramu chache za platini, paladi na rodi. Sega hupitisha gesi kwa urahisi, ila gesi iliyoingia kwenye mfereji mmoja hubaki humo hadi mwisho bila kuchanganyika na jirani yake.

Povu ni njia ya tatu. Kwa kawaida asilimia 70 hadi 90 ya ujazo wake ni uwazi mtupu. Vijumba vyake vimeunganishwa kwa madirisha madogo, hivyo gesi hupinda, hugawanyika, hukutana tena na kuchanganyika njiani. Kuisukuma hakuhitaji nguvu nyingi kama katika bomba la punje. Na kama kauri yenyewe ni ya jamii inayopitisha joto vizuri, kama kabidi ya silikoni, joto husafiri kupitia nyuzi za povu hadi katikati. Kwa kazi zinazokula joto jingi au zinazotoa joto jingi, faida hiyo ni kubwa.

Kutoka plastiki hadi kauri

Kauri ya kawaida hutokana na udongo au unga uliofinyangwa na kuchomwa. Hata povu lake linaweza kutengenezwa hivyo. Mwaka 1963 nchini Marekani ilitolewa hataza ya Schwartzwalder na Somers: sifongo ya polyurethane, jamii ile ile ya sifongo ya magodoro, inachovywa katika uji wa kauri, inakamuliwa, inakaushwa, kisha inatiwa motoni. Sifongo inaungua na kutoweka, na kauri inabaki na umbo lake. Njia hiyo inatumika hadi leo. Udhaifu wake ni kwamba mahali palipokuwa na nyuzi za sifongo hubaki mashimo membamba, na povu huwa dhaifu.

Polima za silikoni zilifungua mlango mwingine. Polima ni mnyororo mrefu wa molekuli. Katika plastiki nyingi uti wa mgongo wa mnyororo huo ni kaboni. Katika hizi ni silikoni, mara nyingi ikipishana na oksijeni, huku vikundi vya kaboni vikining'inia pembeni. Mwaka 1975 Seishi Yajima na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, walionyesha kwamba polima ya jamii hii inaweza kuvutwa kuwa uzi, kisha kuchomwa bila hewa hadi uzi huo uwe kauri ya kabidi ya silikoni. Somo lilikuwa wazi. Umbo linawekwa wakati kitu bado ni laini kama plastiki, na moto unakuja baadaye kukigeuza kuwa jiwe.

Paolo Colombo wa Chuo Kikuu cha Padova na kundi la Peter Greil na Michael Scheffler huko Erlangen ni miongoni mwa waliolipeleka somo hilo kwenye mapovu. Kitabu kikubwa kuhusu kauri za aina hii, kilichohaririwa na Scheffler na Colombo, kilitoka mwaka 2005. Hatua za kazi yenyewe si ngumu kuzieleza.

Kwanza, rezini ya silikoni huyeyushwa au kuchanganywa na kiyeyusho, kisha hufanywa iumuke. Wengine huongeza kitu kinachotoa gesi, kama amira katika unga wa mkate. Wengine hutumia rezini ambayo, ikipashwa hadi karibu nyuzi 270, hutoa mvuke wake yenyewe na kuumuka bila msaada. Wengine huchanganya vijipira vidogo vya plastiki ambavyo baadaye vitaungua na kuacha vitundu vya ukubwa unaojulikana tangu mwanzo. Pili, povu hilo hugandishwa kwa joto la wastani ili minyororo ishikane na umbo lisiporomoke. Tatu, huingizwa katika tanuru lililojazwa nitrojeni au argoni, na joto hupandishwa polepole. Kati ya nyuzi 400 na 800 vikundi vya kaboni hukatika na kutoka kama gesi. Likifika nyuzi 1,000, kilichobaki ni kauri nyeusi ya silikoni, oksijeni na kaboni. Limepungua ukubwa, lakini umbo lake ni lile lile.

Kosa moja tu huharibu kazi: hewa ikiingia tanuruni, kaboni huungua na kinachobaki ni unga mweupe wa silika.

Kipimo cha fundi

Ugumu halisi uko kwenye joto. Povu likiishia kati ya nyuzi 500 na 700, halijawa plastiki wala kauri kamili. Katika hali hiyo, gesi zinazotoka huacha vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na gramu moja ya kitu hicho inaweza kuwa na eneo la ndani la mita za mraba mia kadhaa, zaidi ya kiwanja cha nyumba ya kawaida mjini. Kundi la Michaela Wilhelm na Kurosch Rezwan katika Chuo Kikuu cha Bremen limefanya kazi nyingi katika eneo hilo la katikati. Moto ukipanda zaidi, povu huwa gumu na hustahimili mengi, lakini vitundu hivyo vidogo hufunga na eneo la ndani hushuka sana.

Mafundi wa matofali pembezoni mwa Lubumbashi wanalijua tatizo hilo kwa sura nyingine. Tofali lisiloiva huyeyuka mvua ya kwanza ikinyesha. Lililozidishiwa moto hupinda na kupasuka. Kati ya hayo mawili kuna kipimo, na kipimo hicho ndicho ujuzi. Katika povu la kichocheo, anayekijua kipimo ndiye mwenye bidhaa. Anayemiliki rezini peke yake ana mrija wa kuzibia madirisha.

Metali yenyewe huingia kwa njia mbili. Inaweza kupakwa juu ya povu lililokwisha kuchomwa. Inaweza pia kuchanganywa mapema, ikiwa chumvi ya nikeli au kobalti, ndani ya polima. Tanuru likipanda, chumvi huvunjika na metali hujitokeza kama chembe ndogo zilizosambaa ndani ya kauri. Kwa njia hiyo, mbebaji na mzigo huzaliwa pamoja.

Teknolojia hii haijamaliza matatizo yake. Mapovu ya kauri huvunjika yakiangushwa. Baadhi yake huharibiwa polepole na mvuke wa maji katika joto kali. Mengi bado yanahitaji kupakwa tabaka jingine ili kupata eneo la kutosha. Katika viwanda vikubwa, punje za zamani bado ndizo zinazotawala. Hata hivyo uwanja unasogea haraka: mwaka 2016 watafiti wa HRL Laboratories huko California walichapisha katika jarida la Science namna ya kuchapa kwa mashine rezini ya silikoni katika umbo lolote, kisha kuichoma hadi iwe kauri. Uwanja ambao haujafungwa ndio unaofaa kuingiwa na anayechelewa.

Shaba na kobalti tayari zimo

Kongo haingii katika habari hii kama mgeni. Silikoni zote za kisasa, kuanzia mrija wa fundi madirisha hadi rezini ya Padova, zinategemea njia iliyogunduliwa mwaka 1940 na Eugene Rochow wa General Electric nchini Marekani, na karibu wakati huo huo na Richard Müller nchini Ujerumani. Unga wa silikoni hukutanishwa na gesi ya kloridi ya methili katika joto la takriban nyuzi 300. Kichocheo kinachofanya mkutano huo uzae matunda ni shaba.

Kobalti nayo ina kazi ya kichocheo tangu zamani, kabla mtu hajafikiria betri za simu. Franz Fischer na Hans Tropsch, walioonyesha nchini Ujerumani katika miaka ya 1920 kwamba gesi inaweza kugeuzwa kuwa mafuta ya kuendeshea injini, waliitumia kobalti. Viwanda vikubwa vya kugeuza gesi kuwa mafuta, cha Bintulu nchini Malesia na cha Pearl nchini Qatar, vinaitumia hadi leo. Na katika viwanda vya kusafishia mafuta kote duniani, vichocheo vya kobalti na molibdeni ndivyo vinavyoondoa salfa kwenye dizeli. Dizeli inayochomwa na lori la Kasumbalesa huenda ilisafishwa kwa kobalti iliyochimbwa Lualaba, ikaenda ng'ambo, ikapata umbo, na sasa faida yake inarudi katika bei ya lita.

Ni kweli kwamba vichocheo huchukua sehemu ndogo tu ya kobalti inayouzwa duniani. Sehemu kubwa huenda kwenye betri. Lakini betri zenyewe ndizo zinazoonyesha hatari ya kutegemea uzito. Betri za fosfeti ya chuma na lithiamu, zisizo na hata gramu moja ya kobalti, zilifikia karibu nusu ya soko la dunia la betri za magari ya umeme mwaka 2024. Kobalti iliyopita dola 80,000 kwa tani mwaka 2022 ilikuwa imeshuka chini ya dola 25,000 mwanzoni mwa 2025.

Jibu la Kinshasa lilikuwa la mzani. Tarehe 22 Februari 2025 usafirishaji wa kobalti ulisimamishwa. Kuanzia tarehe 16 Oktoba mwaka huo ukaruhusiwa tena kwa mgao, na kwa mwaka 2026 na 2027 kiwango kikawekwa kuwa tani 96,600 kwa mwaka. Nchi yenye sauti kubwa sokoni ina haki ya kutumia sauti hiyo, na bei ilipanda. Lakini mgao una mpaka wake. Bei ikipanda kupita kiasi, wanunuzi huwapa wanasayansi wao kazi moja: tafuteni namna ya kutumia kidogo zaidi, au kutotumia kabisa. Anayeshikilia kilo pekee hana jibu kwa hilo. Anayejua kutengeneza kitu ambacho gramu 5 za kobalti hufanya kazi ya gramu 50 ana jibu, kwa kuwa yeye ndiye atakayeuza hizo gramu 5 zikiwa ndani ya bidhaa yake.

Gesi mbili za ziwa moja

Kuna mahali ambapo jambo hili linaigusa Kongo kwa njia isiyo na mfano duniani. Katika vilindi vya Ziwa Kivu zimeyeyuka takriban kilomita za ujazo 60 za gesi ya metani na takriban 300 za kaboni dioksidi. Metani inaweza kuchomwa kutoa umeme. Upande wa Rwanda mtambo wa KivuWatt wa megawati 26 unafanya hivyo. Kaboni dioksidi haina mnunuzi, na watu wa Goma wanaijua kwa ukatili wake: ndiyo gesi ya mazuku, inayojikusanya mabondeni na kuua mbuzi na watu bila harufu wala moshi. Mwaka 1986 ilitoka ghafla katika Ziwa Nyos nchini Kameruni na kuua watu wapatao 1,700.

Kikemia, gesi hizo mbili zinaweza kukutanishwa. Katika joto la nyuzi 700 na kuendelea, juu ya kichocheo cha nikeli au kobalti, molekuli moja ya metani na moja ya kaboni dioksidi hutoa mchanganyiko wa hidrojeni na kaboni monoksidi. Kutokana na mchanganyiko huo kunaweza kutengenezwa methanoli, mafuta, na hata hidrojeni kwa ajili ya mbolea. Vikwazo ni viwili. Kazi hiyo inakula joto jingi, na kichocheo huzibwa na masizi. Povu la kauri linalopitisha joto ni moja ya njia zinazochunguzwa kwa kikwazo cha kwanza, na metali iliyosambazwa katika chembe ndogo husaidia katika cha pili.

Hakuna anayepaswa kuwaahidi wakaaji wa Kivu kiwanda kesho. Njia hii bado haijaenea viwandani, na gesi ya ziwa ina sulfidi ya hidrojeni ambayo huua vichocheo vya nikeli isipoondolewa kwanza. Goma ilitekwa na M23 Januari 2025 na Bukavu ikafuata Februari. Uwekezaji haukai penye bunduki. Lakini Julai 2022 serikali ilitangaza zabuni za vitalu 3 vya gesi katika ziwa hilo, Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Siku vitakapofanya kazi, mtu atalazimika kukaa mezani na kueleza kwa niaba ya nchi ni nini kinaweza kufanywa na gesi hizo zaidi ya kuzichoma. Mtu huyo anatakiwa kuanza kusoma sasa.

Wanaosema ni anasa

Pingamizi linajulikana. Nchi ambayo familia zake nyingi hupika kwa mbabula, ambayo umeme hukatika bila taarifa na walimu hungoja mishahara, ina haki gani ya kuzungumzia mapovu ya kauri? Swali hilo ni la haki na linastahili jibu la vitu vinavyoshikika.

Jibu la kwanza ni kwamba ujuzi wa kutengeneza vitundu katika kauri unatumika sehemu nyingi. Mwaka 1981 huko Guatemala, Fernando Mazariegos alibuni chungu cha kuchujia maji ya kunywa. Udongo unachanganywa na kitu kinachoungua, kama vumbi la mbao; chungu kinachomwa, vumbi linatoweka, na vitundu vinavyobaki vinazuia vijidudu. Kanuni ni ile ile ya vijipira vya plastiki katika rezini ya silikoni. Kwa nchi inayozika watu kila mwaka kwa sababu ya kipindupindu, maabara inayoelewa vitundu si ya anasa. Mapovu ya kauri pia hutumika tangu miaka ya 1970 kuchujia alumini iliyoyeyuka kabla ya kumiminwa, na kazi kama hiyo inahitajika katika kila karakana ya kumimina metali.

Jibu la pili ni gharama. Kiwanda cha kusafisha kobalti hudai mtaji mkubwa sana. Kuanza utafiti wa mapovu kunahitaji tanuru la bomba linalofika nyuzi 1,000, mitungi ya nitrojeni, rezini, mizani nyeti na vifaa vya kupima eneo la ndani. Tatizo la umeme ni la kweli: umeme ukikatika katikati ya uchomaji, joto huyumba na kazi ya siku nzima inaweza kupasuka. Basi maabara hiyo ipewe umeme wake wa akiba tangu siku ya kwanza, kama inavyopewa hospitali.

Jibu la tatu liko katika historia. Kabla Union Minière haijaanzishwa mwaka 1906, wafua shaba wa Katanga walikuwa wakiyeyusha malakaiti katika matanuru ya udongo na kumimina metali katika misalaba iliyotumika kama fedha mbali na machimbo. Hawakupeleka jiwe sokoni. Walipeleka umbo. Ukoloni ndio uliofundisha kwamba kazi ya Mkatanga inaishia kwenye kupakia mabehewa.

Hatua tatu zisizohitaji miujiza

Nini kifanyike? Hatua ya kwanza ni malighafi. Hidroksidi ya kobalti inayotoka Lualaba huwa na takriban asilimia 30 ya kobalti. Tani moja tu, ambayo ni punje katika bahari ya mgao wa tani 96,600, ina kilo zipatazo 300 za metali. Jaribio moja la kichocheo hutumia gramu chache. Tani hiyo haihitaji kuvuka mpaka, kwa hiyo haigusi mgao wa mtu yeyote. Wizara ya Madini inaweza kuzitaka kampuni ziikabidhi kwa vyuo vikuu, na kuisafisha hadi iwe chumvi inayofaa kwa majaribio kuwe somo la kwanza la wanafunzi.

Hatua ya pili ni fedha. Sheria ya madini ya 2018 ilitenga asilimia 10 ya mrabaha kwa ajili ya Mfuko wa Madini kwa Vizazi Vijavyo. Jina la mfuko huo linasema kazi yake. Vizazi vijavyo vitakuta mashimo. Haki yao ni kukuta pia watu wanaojua kitu ambacho shimo halikimalizi. Lubumbashi tayari ina kituo cha utafiti wa betri kilichozinduliwa mwaka 2022 pamoja na chuo kikuu cha mji huo. Maabara ya vichocheo na kauri zenye vitundu inaweza kukaa pembeni yake na kutumia vifaa pamoja nacho, ikawa wazi kwa watafiti wa majimbo mengine, wakiwemo wale wa mashariki ambao vita imewaondoa madarasani.

Hatua ya tatu ni kazi halisi. Maabara isiyo na mteja hugeuka ghala la vifaa vyenye vumbi. Viwanda vya asidi vya Katanga hununua vichocheo kutoka nje na kuvibadilisha vikichoka. Kampuni hizo zinaweza kuwapa wanafunzi wa uzamili swali moja kila mwaka: kwa nini tabaka hili limechoka mapema, gesi inapita wapi, umbo gani lingepunguza nguvu ya pampu? Kutoka kwenye maswali hayo madogo ndipo hutoka mtu anayeweza kwenda Padova au Bremen kwa udaktari akiwa na tatizo lake mkononi, na akarudi kwa sababu kuna tanuru linalomngoja.

Hakuna hata moja kati ya hizo inayoahidi kwamba Kongo itauza mapovu ya kauri baada ya miaka 5. Kinachoahidiwa ni kidogo zaidi na cha uhakika zaidi: wakati mwingine bei itakapoanguka, mezani Kinshasa kutakuwa na watu wenye la kusema zaidi ya kufunga mpaka au kuufungua.

Malori yataendelea kuvuka Kasumbalesa, na mzani utaendelea kuhesabu kilo. Kinachoweza kubadilika ni kwamba mahali fulani Lubumbashi, siku hiyo hiyo, mwanafunzi afungue tanuru, atoe sifongo nyeusi ya jiwe inayoenea kiganjani, na aweze kusema ina gramu ngapi za kobalti ya Kolwezi na inaweza kufanya nini.